Sehemu ya Kumi na Tisa

Bweni la Wafanyakazi, Chumba cha 14
3 Februari

Dada,

Shikamoo. Mimi ni mzima ukiacha kikohozi, na kikohozi hapa si ugonjwa. Asiyekohoa ndiye anayeulizwa ameajiriwa lini. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu bado tunaziacha getini na kurudishiwa mwisho wa mwezi. Wanasema tutapiga picha mitambo. Mitambo ya saruji! Nani atamtumia mchumba wake picha ya vumbi?

Sasa usinicheke. Nakuandikia kwa sababu ya katuni. Kila Jumamosi saa kumi alasiri bwalo letu la chakula linajaa mpaka watu wanakaa juu ya meza. Wanaume wenye ndevu, wengine wana wajukuu, wanatazama katuni ya Kijapani, nayo ni hii yenu, *Waasi wa Tanuri Kuu*. Nilipowaambia kwamba anayewafanya wale Wajapani waongee lugha yetu ni dada yangu wa tumbo moja, hawakuamini. Siku hizi wanaamini, na mpishi ananikatia mkate mnene.

Unajua kwa nini imetuingia? Si mapanga wala milipuko. Ni ule mji wenyewe. Watu wanaishi chini ya tanuri moja, wanalilisha usiku na mchana, na lenyewe linawamaliza taratibu. Gavana anawaambia likizimika mtakufa wote kwa baridi. Wanakubali, baba mpaka mjukuu, hadi anatokea yule binti fundi bomba na kuuliza, "Nani aliwahi kulizima akaona?" Sisi nasi tuna tanuri letu, Dada, na hatujawahi kuuliza.

Ila sehemu ya kumi na tisa ndiyo imetumaliza kabisa. Binti amepanda kwenye tangi kuu la maji. Anajua kuna wafagiaji kule chini mtaroni. Anagonga bomba kwa spana mara tatu, anangoja, anasema, "Wametoka wote," ndipo anafungua maji. Tanuri linazimika na hajafa hata paka! Tulipiga makofi mpaka mlinzi akaja mbio kuuliza kuna nini. Sijawahi kuona mtu akimwangusha mkubwa bila kumkanyaga mdogo. Wanasiasa wote niliowasikia tangu nizaliwe hawajui hilo, halafu linajulikana kwenye katuni.

Siku hizi hata kazini, anayetaka kufungua koki kubwa anagonga bomba mara tatu, na walio chini wanatoka. Msimamizi hajui tumeitoa wapi. Ametusifu kwenye kikao kwa kujali usalama.

Niambie basi, binti anaishiaje? Nimewekeana dau na jirani yangu wa kitanda cha juu.

Mdogo wako,
Msumari (bado mwembamba)

---

Studio, ghorofa ya tatu
12 Februari

Msumari,

Marahaba. Nimecheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kama ni barua ya mapenzi. Nikamwambia ni barua ya mashabiki wenye ndevu.

Kwanza nikuharibie ndoto. Fundi Bomba wenu ana miaka hamsini na minane na wajukuu wawili. Anaingia studio, anavua viatu, anakunywa maji ya uvuguvugu. Anadai akiwa peku sauti inarudi usichanani, na kweli inarudi. Studio yenyewe ilikuwa stoo ya karatasi. Ukutani tumebandika trei za mayai na mablanketi, feni tunaizima wakati wa kurekodi, na ikifika saa nane mchana tunanuka wote kama soksi. Gavana ni yule bwana anayesoma taarifa za vifo redioni. Ukimsikia akiagiza chai utadhani kuna aliyefariki.

Kuhusu sehemu ya kumi na tisa, usiitie sana moyoni. Ile ilikuwa kazi ya mchana mmoja. Filamu tunaletewa asubuhi, jioni inatakiwa. Mdomo wa mchoro ukifunguka mara sita, lazima nipate maneno ya kuujaza, yakubaliane na Bosi, yasiwaudhi wa Bodi ya kukagua filamu, na mtoto anayetazama saa kumi alale vizuri. Mnachokiona ninyi kimepita mikono mingi kabla ya kufika bwaloni.

Mwisho wake sikwambii, dau lako ulishike mwenyewe. Nitakuambia tu kwamba Gavana naye alikuwa mwasi ujanani. Hilo limo, sikulitia mimi.

Nenda ukapimwe kifua. Usinijibu kwa utani kuhusu hili. Mama alikuacha mikononi mwangu ukiwa huwezi hata kufunga kamba za viatu, na bado naota naulizwa uko wapi.

Dada yako

---

Chumba cha 14
1 Machi

Dada,

Barua hii anaileta dereva wa mikate, siyo posta. Ukimaliza kuisoma ichane.

Jirani yangu wa kitanda cha juu amefariki. Alikohoa siku tatu, ya nne akawa amelala na viatu. Kwenye karatasi wameandika homa. Dada, mimi ndiye niliyemfuta kinywa, na kilichotoka kilikuwa cha kijivu. Chujio la vumbi la bomba la moshi limekufa huu mwaka wa pili, na vumbi lote linashuka kwenye mabweni.

Tulikwenda kwa meneja, watu tisa, mashati tumechomekea. Tukamwomba asimamishe tanuri wiki mbili tu, chujio litengenezwe. Alitusikiliza vizuri, akatupa hata maji. Kisha akasema tanuri likipoa matofali ya ndani yatapasuka, kiwanda kitafungwa, tutakufa njaa wote. Wenzangu wakanitazama na mimi nikawatazama. Tulikuwa tumeshaisikia hotuba hiyo Jumamosi, kwa sauti ya bwana wako wa taarifa za vifo.

Basi tumekaa tukazungumza. Tangi letu la maji ya kupozea lina koki moja kubwa ya kumwagia, na ikishafunguliwa haifungiki mpaka maji yaishe. Likikauka, mtambo unajizima wenyewe, na ukizimika hauwashwi chini ya wiki mbili. Ndizo wiki tulizoomba. Maji yanapita mtaroni, na mtaroni kuna kikosi kinachozoa matope, lakini hao ni wenzetu, ishara wanaijua kuliko sisi. Hakuna atakayeumia. Tutagonga.

Mkubwa wao tu, Mzee Filimbi, ndiye hatumwambii kitu. Tunamwita hivyo kwa sababu anapiga mluzi kutwa nzima kupitia mwanya wake. Ni mtu wa amani kupita kiasi. Zamu zote za Jumamosi anazichukua yeye ili vijana wake wakatazame. "Katuni zenu, koleo langu," anasema. Ukimweleza habari za mgomo anakukaribisha ukae, anakupa nusu ya chakula chake, na hoja inakuishia mdomoni.

Usiwe na wasiwasi. Sisi si wauaji.

Msumari

---

Studio
9 Machi

Msumari,

Usifanye.

Nakuandikia nikiwa nimesimama kwenye kaunta ya posta. Katuni ni katuni, mtu amekaa mezani akaichora. Kuna jambo kuhusu ile sehemu ambalo siwezi kuliandika hapa, nitakueleza ana kwa ana. Nimeomba ruhusa, nitafika tarehe ishirini na nane. Mpaka siku hiyo usipande popote. Niahidi.

Dada yako

---

Mahabusu
2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe tisa nimeipatia huku, imefunguliwa na kubandikwa tena kwa gundi ya ofisi. Ilifika kiwandani siku mbili baada ya tukio. Najua ulikuja tarehe ishirini na nane ukarudishwa kwenye geti la hapa mahabusu. Mlinzi mmoja ameniambia kulikuwa na mwanamke aliyekaa juu ya jiwe mpaka jioni.

Ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi. Nilipanda mimi, kwa sababu mimi ndiye ninayepaka mitambo grisi, na mtu wa grisi akionekana tangini hakuna anayeshangaa. Niligonga mara tatu. Kikosi cha mtaro kikatoka, wanacheka, mmoja akanipungia koleo. Nikafungua. Dakika kumi na moja baadaye tanuri likazimika. Dada, ule ukimya! Nimeishi pale miaka minne sikujua kuwa kuna ndege. Watu walikumbatiana uwanjani, wengine wakilia, hata msimamizi alivua kofia bila kujua kwa nini.

Kisha nikasikia wale vijana wa mtaroni wanaita, "Mzee! Mzee!"

Walimpata saa nane mchana, kwenye wavu wa mwisho kule maji yanapotokea. Wanasema bila shaka aliisikia ile milio. Alidhani ni mafundi wako kazini, akaendelea kuzoa. Vijana wake walidhani yuko nyuma yao. Hakuijua ishara, Dada. Tulijua wote isipokuwa yeye, kwa sababu Jumamosi zote alikuwa zamu badala yao. Siku nyingine zilipogongwa vijana walimwita tu atoke nao, na hakuna aliyemweleza kwa nini.

Nilidhani wametoka wote. Nimemwambia hivyo mpelelezi, nimemwambia wakili, nakwambia na wewe.

Wakili niliyepewa anasema kesi yote imekaa hapo. Wa upande wa serikali anadai nilifungua nikijua kuna mtu. Wakili wangu anataka kuonyesha kwamba kugonga ni onyo, kwamba kiwanda kizima kiliona kwenye runinga na kuelewa hivyo. Anaomba karatasi zenu za tafsiri, zenye yale maneno. Unaweza kuzipata?

Mchana nakaa nikimfikiria Fundi Bomba. Yeye aliwezaje? Alikuwa na mtaro kama wetu na haraka kama yetu, akawatoa wote. Mimi nimefanya kila alichofanya, na nimemuua mtu aliyekuwa akinigawia chakula. Kuna kosa nililifanya, na nimelitafuta mpaka kichwa kinauma. Kinachonishikilia ni kimoja tu, kwamba tanuri limezimika na sasa chujio watalitengeneza wapende wasipende. Hilo wasiniondolee.

Mdogo wako

---

Nyumbani
17 Aprili

Mdogo wangu,

Fundi Bomba hakuweza.

Nimekaa na karatasi hii wiki mbili nikitafuta pa kuanzia, na sina pengine. Kwa Kijapani, wale wafagiaji wa mtaroni wana desturi yao. Mwenzao akifa, wanagonga bomba mara tatu ili wa mbali wajue. Binti anapogonga pale juu ya tangi hamwonyi mtu. Anawazika. Wako chini, wako hai, na yeye anawagongea. Kisha anasema, "Nimewahesabu. Kumi na mmoja. Hakuna muda." Ndipo anafungua.

Ile mistari kumi na moja aliyojichanja mkononi, ambayo kwa maneno yangu ni siku zilizobaki kabla ya ukombozi, ni wao hao. Na mwisho uliouliza ni huu. Wanashinda, anakaa kwenye kiti cha Gavana, na hakuna anayethubutu kumwuliza habari za mtaro. Huyo ndiye tuliyepewa na waliomchora. Walitaka tumtazame tusijue tumpende au tumwogope.

Bosi aliingia studio saa saba mchana akasema, "Shujaa haui wafagiaji saa kumi alasiri. Tafuta namna." Nilikuwa na penseli na nusu saa. Mdomo unafunguka mara sita. Wa-me-to-ka wo-te. Yakaingia kama yamepimwa na fundi cherehani. Niliyasikiliza kwenye spika, nikafurahi. Ndilo linalonitafuna, Msumari, kwamba nilifurahi. Nilitaka binti kama huyo awepo duniani. Bosi alinisukuma hatua moja, hizo nyingine nilikwenda kwa miguu yangu.

Karatasi ninayo. Ni nakala moja, imo kwenye droo yangu, ina maneno ya asili, na juu yake mwandiko wangu wa penseli. Bosi amejua. Aliniita akanitengea kiti, akasema atakayeipeleka mahakamani asirudi kazini, na kwamba Bodi ina kifungu kwa anayebadilisha kazi iliyokwisha pitishwa. Ndiyo maana ya hizi wiki mbili. Niliogopa. Wewe uko ndani, mimi nimekaa nje nikihesabu hasara zangu.

Sasa yamekwisha. Tarehe kumi na nne Mei nitakuja nayo mahakamani. Nitasimama niseme mimi ndiye niliyewafundisha kwamba kugonga ni kuokoa. Kosa ulilolitafuta mpaka kichwa kikauma lilikuwa mezani kwangu. Wewe uligonga ili watoke.

Niandikie hata mstari mmoja. Unanilaumu?

Dada yako

---

Mahabusu
2 Mei

Dada,

Barua hii askari ataisoma kabla yako, na aisome. Wakili nimeshamwambia.

Yako niliisoma, nikacheka. Mwenzangu wa mkeka akadhani nimeachiwa. Halafu nikafika pale binti anaposema amewahesabu, nikaacha kucheka. Nilitegemea nimchukie, Dada. Nilimwelewa.

Kikosi cha mtaro ni watu watano. Nilihesabu wanne.

Sikukwambia. Sikumwambia mtu. Walitoka wanne, yule akanipungia koleo, nikangoja wa tano. Walinzi wawili, sijui nani aliwashtua, walikuwa wameanza kupanda ngazi, nasikia buti zao kwenye vyuma. Wangefika kwa nusu dakika, na mambo yote yangeishia pale, jirani yangu wa kitanda angekuwa amekufa bure. Na bomba lile nililolishika, Dada, linaleta sauti kutoka chini. Nilisikia mluzi.

Nikajiambia nimegonga. Niliyasema yale maneno yako, nayasikia mpaka sasa, kwa sauti ya yule bibi wa peku, "Wametoka wote." Nikafungua.

Kwa hiyo uliza vizuri kuhusu lawama. Ulitupa uongo mzuri, na watu mia mbili wakautumia kuokoana kwa wiki kadhaa. Uongo huo ulifanya kazi mpaka siku ile. Mimi ndiye niliyeushika kuziba masikio. Kama ungetafsiri ilivyo, labda nisingepanda. Au labda ningepanda nikiwa nimeshajua idadi, kama yeye. Sijui, na nimechoka kutojua.

Usilete karatasi. Ukiileta watanihurumia, na huruma hiyo itakuwa imesimama juu ya maneno mawili, lako moja na langu moja, yote ya uongo. Yule mzee alitupa Jumamosi zake. Angalau mahakamani apewe kilichotokea. Nitakiri kwamba nilijua.

Na wewe usiachishwe kazi kwa ajili ya jambo lisilo kweli. Hiyo nayo ni amri, japo wewe ndiye mkubwa.

Shikamoo, Dada.

Msumari

---

Nyumbani
23 Mei

Msumari,

Marahaba, mdogo wangu.

Uliniona. Nilikuwa benchi la tatu, mkoba magotini, na karatasi ndani. Nilitaka kusimama. Ulipogeuka ukanitikisia kichwa, nikabaki nimekaa, na sijui mpaka leo kama nilikutii au niliogopa. Ulipojibu "Nilijua, mheshimiwa," nilisikia watu nyuma yangu wakivuta pumzi. Jaji aliposema miaka kumi na minne, nilijumlisha na umri wako, nikajumlisha tena nikitumaini nimekosea.

Nje, kwenye ngazi, alinifuata mwanamke wa rika langu. Ni binti wa Mzee Filimbi. Nilijua kabla hajasema, ana mwanya wa baba yake ulionielezea.

"Wewe ni dada wa yule kijana?"

Nikasema ndimi.

"Humo ndani kila mtu anataja katuni. Baba hakuwahi kutusimulia katuni yoyote. Inahusu nini?"

Tulikaa kwenye ngazi. Nikamsimulia yote, mji, tanuri, swali la yule binti, mtaro, wale kumi na mmoja. Nikamweleza na penseli yangu. Nikamtolea ile karatasi akaishika, akasoma mistari yote miwili, wa asili na wangu. Nilingoja anitemee mate. Angenisaidia.

Akauliza, "Sasa hao wa kwenye katuni, mwishoni walishinda?"

"Walishinda."

Akaikunja karatasi. "Na ninyi?"

Nikamwambia walileta mafundi kutoka mbali, tangi likajazwa, tanuri likawashwa siku ya tisa.

"Na hilo chujio mlilokuwa mnalitaka?"

"Bado."

Alinirudishia karatasi, akafunga kanga vizuri, akasema ana safari ndefu. Akateremka ngazi bila kuniaga, na mimi sikumwita.

Hujawahi kuniuliza habari za chujio, na naona unaogopa kuuliza. Kwenye karatasi nyingine nilishakuandikia kwamba wameanza kulitengeneza, kwamba nimeona kreni kwa macho yangu. Ilikuwa sentensi nzuri, na ingekusogeza miaka kumi na minne. Nimeichana. Hawajaligusa, Msumari. Nilipita pale juzi kuchukua nguo zako, na begi wamenipa likiwa la kijivu.

Dada yako